Kuchora mtu hai: maana yake

Mtu akikuambia anasomea kuchora mtu hai, maana yake hachori kutoka kwenye picha ya simu wala kichwani mwake. Mbele yake kuna modeli, yaani mtu aliyekubali, mara nyingi kwa malipo, kusimama, kuketi au kulala bila kujitikisa huku wengine wakimchora. Katika shule nyingi za sanaa za Ulaya na Marekani modeli huwa uchi, na hapo ndipo mazungumzo hukwama. Sababu yenyewe ni ya kawaida tu: nguo huficha mahali paja linapoungana na nyonga, na mchoraji asiyepaona atapabuni.

Darasa huanza na pozi fupi, za nusu dakika hadi dakika mbili. Muda huo hautoshi kuchora kope wala kucha. Unapata mstari mmoja mrefu kutoka kichwani hadi kisiginoni, basi. Pozi za dakika ishirini na kuendelea huja baadaye.

Kinachotafutwa hasa ni uzito umeangukia wapi. Modeli akisimama kwa mguu mmoja na kuupumzisha wa pili, nyonga ya upande uliobeba hupanda, na bega la upande huohuo kwa kawaida hushuka. Kishimo cha koo nacho hukaa karibu wima juu ya kifundo cha mguu unaobeba. Mchoraji huinua penseli mbele ya jicho na kupima, kama mwashi anavyoshusha timazi. Ukikosea hapo, chora uso mzuri uwezavyo, mtu wako ataonekana anaanguka.

Kinachotuponza ni yale tuliyokwisha kuyajua. Uso tunauona wa maana, kwa hiyo kichwa kinatoka kikubwa, wakati urefu wa mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu. Macho tunayapandisha juu, kumbe yako katikati ya kichwa. Mguu ulionyooshwa kukuelekea huonekana mfupi kama kisiki, na mkono unagoma kuuchora hivyo. Dawa ninayoipenda mimi ni kuuchora uwazi ulio kati ya kiwiko na kiuno. Umbo la uwazi hakuna aliyelikariri, hivyo inabidi ulitazame.

Nafasi ya kutazama hivyo haikuwa ya kila mtu. Royal Academy ya London, chuo na chama cha wasanii, ilipoanzishwa mwaka 1768, wachoraji wawili wa kike, Angelica Kauffman na Mary Moser, walikuwa miongoni mwa waasisi. Mchoraji Johan Zoffany akaja kuwachora wanachama wakiwa pamoja na modeli wa kiume. Kwa kuwa haikuonekana heshima wanawake wawemo chumba kile, aliwaweka kama picha mbili zilizotundikwa ukutani! Wanafunzi wa kike wa chuo hicho waliruhusiwa kumchora modeli mwaka 1893, tena akiwa amefunikwa kiunoni. Kwa miaka yote hiyo, michoro mikubwa ya historia, iliyojaa miili na iliyopewa hadhi kuliko yote, ilibaki zaidi kazi ya wanaume.

Asiye na darasa karibu aende barazani kwenye bao. Wachezaji huinama, kiwiko juu ya goti, na mchezo ukikolea husahau kwamba wanatazamwa. Aombe ruhusa tu kabla ya kutoa daftari.