Hesabu ya siku: maswali kuhusu kuripoti magonjwa, chanjo na karantini

Kila mlipuko ukitokea maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Mengine nayajibu kwa kifupi tu, ila surua nimeipa nafasi kubwa maana ukiielewa hiyo, zingine zote zinakuwa rahisi.

Kwani daktari akiripoti ugonjwa wangu si ndo kanishtaki?

Hapana jamani, ofisi ya afya sio polisi. Ripoti inaenda kwa afisa wa afya wa eneo lako, na jina lako linahitajika pale pale chini ili wajue uko wapi na ulikaa na nani, lakini kadiri taarifa inavyopanda juu kinachobaki ni namba: wagonjwa wangapi, umri gani, eneo gani. Orodha ya magonjwa kila nchi ina yake, ila mengine hukosi kuyakuta, kipindupindu, surua, polio, homa ya manjano, tauni, Ebola. Haya yanaripotiwa fasta, mara nyingi ndani ya saa 24. Kuna mengine ambayo yanasubiri ripoti ya wiki.

Si wasubiri kwanza majibu ya maabara?

Hapo ndo wengi wanakosea, hata wahudumu wenyewe. Ugonjwa ukishukiwa tu inatosha, majibu yatakuja yakute kazi imeshaanza. Angalia polio, mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla bila kuumia anaripotiwa, hata kama mhudumu moyoni anaona hii sio polio. Alafu wanachukua choo chake mara mbili, wakipishanisha angalau saa 24, na vyote viwe vimepatikana ndani ya siku 14 tangu alegee, maana ukichelewa virusi vinapungua kwenye choo na unaweza kupata jibu la uongo.

Mtoto wangu ana surua. Kwa nini wananiuliza alikuwa wapi Jumapili iliyopita, mbona vipele vimetoka Alhamisi?

Swali zuri sana hili. Mgonjwa wa surua anaambukiza kuanzia siku 4 kabla ya vipele mpaka siku 4 baada. Chukua kalenda uhesabu mwenyewe, vipele Alhamisi, rudi nyuma siku 4 unafika Jumapili, nenda mbele siku 4 unafika Jumatatu. Kwa hiyo tangu Jumapili ile, ulipokuwa unaona ni mafua na macho mekundu tu, mtoto alikuwa anasambaza, na shule asirudi mpaka Jumanne. Na surua haihitaji kugusana, mgonjwa akishatoka chumbani virusi vinaweza kubaki hewani kwa muda wa mpaka saa 2, na kati ya watu 10 wasio na kinga waliokaa karibu naye, 9 hivi wataugua.

Sasa cheza na saa. Mtu ambaye hajachanjwa akipewa chanjo ya surua ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa kwa mara ya kwanza, inaweza kumkinga au ugonjwa ukaja mwepesi. Aliyecheza na mwanao Jumapili, saa zake 72 ziliisha Jumatano, yaani kabla hata hujaona kipele kimoja! Huyo kashapitwa. Lakini aliyekutana naye mara ya kwanza Jumatano jioni bado ana mpaka Jumamosi jioni. Ndo maana mhudumu akipiga simu Alhamisi hiyohiyo kuna watoto wanaokolewa, akisema nitaripoti Jumatatu nikirudi kazini basi imekula kwao. Kwa vichanga, wajawazito wasio na kinga na wenye kinga dhaifu kuna sindano ya kingamwili (kinga iliyotengenezwa tayari) ambayo inaweza kutolewa mpaka siku 6 tangu kukutana na mgonjwa, hiyo muulize daktari usisubiri akutajie yeye.

Karantini na kutengwa si kitu kimoja?

Watu wanachanganya, hata kwenye taarifa za habari. Anayetengwa ni mgonjwa. Anayewekwa karantini ni mzima aliyekutana na mgonjwa, tunasubiri tuone kama ataugua. Siku za karantini zinafuata muda mrefu zaidi ambao ugonjwa unaweza kukaa kimya mwilini kabla ya kujitokeza, Ebola ni siku 21 kwa hiyo unafuatiliwa siku 21, na zinahesabiwa tangu mara ya MWISHO kukutana na mgonjwa, sio tangu siku uliyopigiwa simu. Surua nayo kwa asiye na kinga sehemu nyingi wanaweka siku 21. Jina lenyewe limetoka kwa Wataliano, siku 40 ambazo meli zilikuwa zinasubirishwa Venice enzi za tauni, kipindi hicho hakuna aliyejua kirusi wala bakteria, walikuwa wanakadiria tu.

Na ukiwekwa karantini una haki ya kuuliza: sababu ni nini, inaisha tarehe ngapi, chakula na dawa zangu napataje? Afisa asiyeweza kukutajia tarehe ya mwisho mwambie akahesabu kwanza.

Mgonjwa mmoja tu, kelele zote za nini?

Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merka, Somalia, mwaka 1977 alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui kuwaonesha njia, safari fupi tu. Alipougua kwanza wakasema malaria, vipele vilipotoka wakasema tetekuwanga. Baadaye ndo ikajulikana ni ndui, waliokutana naye wakatafutwa na kuchanjwa, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Yeye alipona, na ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, 1980 ikatangazwa imetokomezwa. Miaka ya mbele akawa anazunguka kuhamasisha wazazi wachanje watoto polio.

Mtoto ana mafua, achanjwe au tuahirishe?

Achanjwe. Mafua madogo sio kizuizi, homa kali ndo unasubiri ishuke.

Nasafiri kesho, nichome ya homa ya manjano leo?

Umechelewa mwenzangu. Cheti cha chanjo hiyo kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa na mpakani wanaangalia tarehe. Ila kuanzia 2016 hakiishi muda, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10 ni cha maisha, usikubali kuambiwa urudie kisa tarehe imepita.

Tumeruka dozi, na kadi yenyewe imepotea. Tunaanza upya?

Dozi iliyorukwa hairudishi hesabu nyuma, kwa chanjo nyingi za watoto unaendelea pale ulipoishia hata kama imepita miaka. Kadi ikipotea anzia kituo ulichochanjia, rejista zao huwa zinakaa. Wasipoiona, ya surua anachomwa tu tena, kama alikuwa na kinga tayari dozi ya ziada haimdhuru, afu piga picha kadi mpya hapohapo kabla hujatoka mlangoni.