Figo ya Ndugu na Kinga ya Mwili: Maswali Kabla ya Upandikizaji

Kaka yangu na mimi tuna kundi moja la damu. Je, hilo halitoshi ili anipe figo?

Halitoshi, ingawa ni mwanzo mwema. Baada ya kundi la damu huchunguzwa antijeni za HLA, yaani alama zilizo juu ya seli, ambazo kwazo kinga hutambua kilicho chake na kilicho kigeni. Kwa kuwa kila mtu hurithi nusu ya alama hizo kwa baba na nusu kwa mama, ndugu wa tumbo moja na baba mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kuzirithi zote sawasawa.

Nataka kumpa figo mke wangu, mama wa watoto wetu watatu. Mbona daktari anasita?

Katika kila mimba mwili wa mama hukutana na alama ambazo mtoto amezirithi kwa baba, na huenda ukatengeneza kingamwili, yaani protini za kinga za kushambulia kilicho kigeni, dhidi ya alama hizo. Figo ya mume huwa na alama zizo hizo, na kingamwili zikiwapo kwa wingi zinaweza kuiharibu ndani ya saa chache. Kwa hiyo maabara huchanganya chembe nyeupe za mtoaji na majimaji ya damu ya mpokeaji, ili kuona kama chembe hizo zitashambuliwa, kipimo ambacho watafiti Patel na Terasaki walionyesha umuhimu wake mwaka 1969. Kingamwili za namna hii hutokana pia na kuongezewa damu na upandikizaji wa awali.

Ninasafishwa damu hapa Nairobi na damu yangu hupungua mara kwa mara. Nikatae kuongezewa?

Damu ya kuokoa maisha usiikatae kamwe. Uliza, hata hivyo, kama sindano za erithropoietini (homoni inayochochea mwili kutengeneza damu) na madini ya chuma zinaweza kukuepusha na chupa za damu zisizo za lazima. Mweleze daktari pia kila mara uliyowahi kuongezewa damu na, kwa mwanamke, kila mimba, hata iliyoharibika. Naona habari hizi husahaulika mno, ilhali ndizo zinazomwongoza mpimaji.

Baada ya upandikizaji nitameza dawa hadi lini?

Maadamu figo inafanya kazi. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu, Boston mwaka 1954, ulikuwa kati ya pacha wa kufanana, ambao kinga zao hazikuonana kuwa ngeni. Sisi wengine tunahitaji dawa za kutuliza kinga, kama takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Dozi zikirukwarukwa, kingamwili mpya huanza kuila figo polepole bila maumivu yoyote, hivyo anayesafiri kwenda mashambani wakati wa sikukuu abebe dawa za kumtosha hadi siku ya kurudi, na za ziada.