Ini Lina Mafuta, Mbona Daktari Anapima Moyo?

Mtu akipigwa altrasaundi na kuambiwa ini lake lina mafuta, hofu yake ya kwanza ni ini kuoza. Kumbe wengi wenye tatizo hili hawafi kwa ini. Kinachoongoza kuwaua ni maradhi ya moyo na mishipa ya damu.

Kisa ni kazi ya ini lenyewe. Sukari ikizidi mwilini, hasa ile ya soda na juisi za viwandani, ini huigeuza kuwa mafuta. Mengine hubaki kwenye seli zake; mengine hufungwa pamoja na protini kuwa vifurushi vidogo vinavyoingizwa kwenye damu. Ghala likifurika, vifurushi navyo huongezeka. Triglisaridi, yaani mafuta yanayosafiri kwenye damu, hupanda, kolesteroli nzuri hushuka, na ile mbaya huwa chembe ndogondogo zinazopenya ukuta wa ateri kwa urahisi. Zikikwama humo, seli za kinga huja kuzimeza, zikashiba kupita kiasi na kufia humohumo. Mabaki hayo yakirundikana na kushikamana na kalsiamu, ateri hukakamaa na njia ya damu huwa nyembamba.

Halafu kuna insulini. Hii ndiyo huliamuru ini liache kutengeneza sukari. Ini lenye mafuta halisikii, ndiyo maana sukari ya asubuhi huwa juu hata kwa aliyelala bila kula. Ajabu ni kwamba ini hilohilo, likiamriwa na insulini kutengeneza mafuta, linatii vizuri tu! Juu ya hayo humwaga kwenye damu kemikali za uvimbe na protini za kugandisha damu.

Na si ugonjwa wa walevi peke yao. Mwaka 2023 wataalamu waliliacha jina la zamani lililosema "usiotokana na pombe", wakachagua linalotaja hitilafu za umetaboli, yaani kitambi, kisukari, presha na mafuta kwenye damu.

Kipimo cha vimeng'enya vya ini kisikutulize sana, kwani kinaweza kutoka safi huku mafuta yamejaa. Afadhali umwombe daktari apime pia presha, sukari na kolesteroli. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 tu, mafuta ya ini huanza kupungua; akifikisha 9, hata makovu ya ini yanaweza kurudi nyuma.