Punda hacheui

Juzi niliitwa kijiji kimoja nje ya Tabora mjini. Punda alikuwa amelala, anageuza shingo kila mara kuangalia ubavu wake. Nikaweka sikio pale ubavuni. Tumbo lenye afya hunguruma bila kukoma, kama maji yanayopita chini ya mawe. La huyu lilikuwa kimya.

"Daktari, jana kabla ya kubeba magunia nilimpa ndoo nzima ya pumba na mahindi, apate nguvu," mzee mwenye punda akaniambia. Alimpa kwa mapenzi, na ndiyo maana naandika.

Ng'ombe hucheua. Punda, kama ndugu yake farasi, ana tumbo moja dogo. Majani humeng'enywa na bakteria huko nyuma, kwenye utumbo mpana. Wanga ukizidi, utumbo mwembamba hauumalizi. Unafika nyuma na kuchacha haraka, kama togwa iliyosahaulika juani. Gesi inajaa, asidi inaua bakteria wazuri, na punda hawezi kutapika. Wengine hupona tumbo wakabaki wanachechemea, kwa sababu kwato nazo huvimba kwa ndani.

Wafugaji wa farasi wa mbio Uingereza na Marekani wanahangaika na jambo hilihili. Farasi wao hulishwa nafaka nyingi na majani kidogo, na wengi hukutwa na vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi saa 24, ale asile, lakini mate ya kuipoza hutoka akitafuna tu. Na nafaka haitafunwi muda mrefu.

Kwa hiyo majani kwanza. Punda wa kilo 150 hutosheka na kilo 2 hadi 3 za majani makavu au mabua kwa siku, akila kidogo kidogo. Pumba ziwe konzi mbili tatu, baada ya majani. Chakula kipya kianzishwe polepole, wiki moja hadi mbili. Akigoma kula hata siku moja, piga simu: punda huficha maumivu, na akikaa na njaa mafuta hujaa kwenye damu. Nakusihi pia usimmiminie mafuta ya kula mdomoni, yataingia mapafuni.

Huyu nilimdunga dawa ya maumivu, nikampitishia maji na mafuta kwa mpira unaopita puani hadi tumboni. Saa mbili usiku alipata choo. Mzee akawasha tochi, akainama, akavihesabu vile vibonge kimoja kimoja.