Kuoanisha ukuta maana yake nini?

Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, huendi mbali kabla hujakuta kiraka: eneo la kijivu, limenyooka kama ubao wa shule, katikati ya ukuta uliopauka na kupigwa michirizi myeusi ya mvua. Huenda fundi alifanya kazi safi, lakini jicho halioni kingine. Kuoanisha ni kujenga au kukarabati sehemu mpya ikakaa na ya zamani bila kugombana nayo.

Wengi hudhani ni suala la rangi. Rangi huja mwisho. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Jiwe lenyewe lina vitundu tele. Mvua ikinyesha hunywa maji, jua likiwaka huyatoa, na chokaa haiyazuii kupita. Piga saruji juu yake, umeziba mlango wa kutokea. Unyevu utatafuta njia pembeni mwa kiraka, chumvi itajikusanya hapohapo, na jiwe la zamani litamumunyuka huku kiraka kikidumu. Ufa umezibwa, na ukuta bado utajengwa.

Ndiyo maana fundi makini huanza na kibonge cha lipu ya zamani kiganjani. Hukivunja kwa kidole gumba akatazama: mchanga ni mnene au laini, mweupe au wa hudhurungi, una vipande vya kombe, una chembe za mkaa wa tanuu? Wengine hukitumbukiza kwenye siki. Chokaa hutoa povu na kuyeyuka, mchanga ukabaki chini. (Ila mchanga wa pwani uliotokana na makombe nao huyeyuka, kwa hiyo jicho litangulie siki.) Kisha hupaka vipande vya majaribio ukutani, akasubiri vikauke kabisa, maana lipu mbichi ina rangi nzito na humdanganya mwenye haraka.

Na chokaa haina haraka. Ni jiwe lililochomwa, likazimwa kwa maji. Likishapakwa hufyonza kaboni dayoksaidi hewani, polepole likarudi kuwa jiwe. Jua kali likiikausha mapema hupasuka, ndiyo sababu ya yale magunia yaliyoloweshwa unayoyaona yametundikwa.

Halafu kuna mkono. Ukuta wa kale una mawimbi, na pembe zake zimelika. Ukinyoosha kipande kipya kwa pimamaji, jua la alasiri likipiga kwa upande litakitangaza mtaa mzima.

Je, kizeeshwe kwa makusudi? Uingereza wapo wanaopaka maji ya masizi kwenye matofali mapya, na wanaopaka mtindi kwenye mawe ili kuvu iote. Kwetu naona ni kujisumbua. Masika hufanya kazi hiyo bure.

Tena kufanana kuna mpaka. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaofuatwa na wahifadhi wengi, unataka sehemu mpya ipatane na jengo zima lakini iweze kutofautishwa na ya asili, historia isighushiwe. Ukiwa ng'ambo ya barabara usikione kiraka; ukisogea ukakipapasa, ukitambue. Wengine huandika mwaka kwa ncha ya mwiko, pembeni chini, lipu ikiwa bado mbichi.