Waja leo nao walipewa dinari

Kwenye kopo la biskuti ambamo mama yangu anahifadhi hati za nyumba kuna kadi moja ya karatasi ngumu, imekunjika katikati, rangi imekuwa ya chai. Ina visanduku 30. Visanduku 27 vina alama ya kalamu ya bluu, mkato mmoja wa harakaharaka. Vitatu ni vitupu. Ni kipande cha babu yangu.

Wasomaji waliokulia kwenye kambi za mkonge hawahitaji maelezo, waruke aya hii. Kwa wengine: katika mashamba ya mkonge enzi za ukoloni, kibarua hakulipwa kwa mwezi wa kalenda. Alipewa kadi iliyoitwa kipande, na kila siku aliyomaliza kazi yake, yaani matita aliyopangiwa, kila tita majani 30, alitiwa alama. Hujamaliza, huna alama, hata kama umeshinda juani tangu alfajiri. Homa imekulaza, huna alama. Zikitimia 30 ndipo unakwenda kuchukua hela; kabla ya hapo unaishi kwa posho. Babu alikuwa Muha, akaletwa kutoka Kigoma miaka ya 1950, na watu walioletwa kama yeye waliitwa manamba. Neno linajieleza lenyewe. (Mkonge nao ulikuja kwa kuletwa. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika ikiwa hai 62. Yale mashamba yote ya njiani Muheza hadi Korogwe yana asili hiyo.)

Kwa nini vitatu havikujazwa, mama hajui. Babu hakusema. Ila aliitunza ile kadi hadi kufa, kama mtu anayetarajia siku moja kwenda kudai.

Mimi ni mchungaji wa Kilutheri hapa Tanga, na kwa miaka 19 sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa ushauri wa kichungaji. Watu wanakuja, tunakaa, wanasema. Nimesikiliza wagumba, wafungwa waliotoka, vijana waliofeli kidato cha nne mara mbili, wake walioachwa, na mashemasi wawili watatu. Nikiulizwa ni ugonjwa gani wa kiroho ninaokutana nao zaidi, sitasema uzinzi wala ushirikina. Nitasema kipande. Wengi wanaamini Mungu yupo. Wanaamini pia kwamba ameshika kadi yao, na kwamba visanduku havijajaa.

Hapo ndipo inabidi tuzungumze kuhusu neema, na hapo hapo Kiswahili kinatutia tabuni kidogo. Neno tumelitoa katika Kiarabu, na kwetu lina harufu ya chakula. Mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mahindi. Aliyeneemeka ni aliyejenga. Sasa mwambie mama aliyelaza watoto kwa uji mwepesi kwamba Mungu amemjalia neema. Sikio linasikia unga, jicho linaona sufuria iko tupu, naye anafunga hesabu mwenyewe: mimi sijatiwa alama. Wahubiri wa mafanikio wanapanda mbegu yao papo hapo, na shamba limeshalimwa na lugha. Neno alilotumia Paulo kwa Kigiriki, charis, linaelekea kwingine: ni fadhili anazopewa mtu asiyezidai, kwa sababu mtoaji ndivyo alivyo. Hata kama anayepewa amekaa juu ya jamvi.

Paulo mwenyewe anaiweka wazi katika Warumi 6:23, mstari ambao tumeuchosha kwa kuwatisha nao watoto wa Kipaimara. Mshahara wa dhambi ni mauti, bali karama ya Mungu ni uzima wa milele. Kile tulichokitafsiri mshahara, opsonia, ni malipo ya askari, na asili yake ni chakula chake cha kambini. Ni posho. Paulo anasema dhambi ina dirisha la malipo, ina karani, inalipa kwa haki kabisa. Mungu hana dirisha. Nusu ya pili ya mstari ingeweza kusema mshahara wa utakatifu ni uzima, na sentensi ingelingana vizuri sana. Hakuandika hivyo.

Lakini fungu ninalolitumia zaidi ni Mathayo 20, na sababu ni ya Kitanga. Mwenye shamba anatoka alfajiri kuajiri vibarua wa shamba la mizabibu, wanapatana dinari moja kwa kutwa. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa. Anatoka saa kumi na moja. Sisi hatuhitaji maelezo ya pembeni kuhusu saa hizo, kwa kuwa tunahesabu kama Wayahudi wa wakati ule, jua likichomoza ndipo saa zinaanza. Mwingereza lazima ageuze. Sisi tunajua mara moja saa kumi na moja jua liko wapi: limeshageuka rangi, baiskeli zinarudi Ngamiani, mwenye mihogo ya kukaanga ndiyo kwanza anawasha jiko. Hakuna anayeajiriwa saa hiyo.

Anawauliza, mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi? Jibu lao ninalipenda kuliko jibu lolote la kitheolojia: kwa kuwa hakuna mtu aliyetuajiri. Hawajitetei kwamba ni wachapakazi. Hawasemi walikuwa wagonjwa. Wamesimama pale tangu asubuhi, kila tajiri aliyepita amewatazama mikono na mabega akachagua wengine. Ukitaka kujua mtu anavyojiona hana thamani, kaa na kijana aliyesimama kijiweni hadi saa kumi na moja. Pesa aliyoikosa ni sehemu tu ya maumivu. Kutwa nzima ametazamwa na kuachwa.

Jioni mwenye shamba anaagiza walipwe, ukianzia wa mwisho. Kulipa jioni ileile si ukarimu wake, ni Torati: Kumbukumbu 24:15 inaamuru kibarua apewe ujira siku hiyohiyo, jua lisichwe juu yake, kwa sababu ni maskini na moyo wake umeutazamia. (Babu yangu angeipenda sana Kumbukumbu 24:15.) Ukarimu uko kwenye kiasi. Dinari ndiyo chakula cha nyumba moja kwa siku moja. Ukimkatia yule wa saa kumi na moja kwa haki ya saa zake, anarudi nyumbani na ujira usiotosha hata mkate, na watoto hawali kwa visehemu. Mwenye shamba ametazama tumbo la nyumba ya yule mtu, akalipa tumbo.

Wale wa alfajiri wakanuna. Nami nikiri, nikisoma bila kujipaka mafuta, mimi niko upande wao. Wamevumilia hari ya mchana kutwa, na sasa wamesawazishwa na watu waliofanya kazi saa moja tu! Msemo wetu wa mji, waja leo waondoka leo, tunausema kwa utani, ila una jicho ndani yake: wewe wa juzi usijihesabu nasi. Kanisani tuna toleo letu. Tuna familia zilizobatizwa tangu Wajerumani, na tuna waja leo. Petro ndiye aliyekianzisha kisa chote, maana sura moja nyuma alikuwa ameuliza, sisi tumeacha vyote tukakufuata, tutapata nini basi? Alikuwa ametoa kadi mfukoni.

Kuna pingamizi ambalo wazee wa kanisa huniletea kila nikihubiri hivi, na si la kijinga. Mchungaji, ukisema hivyo watu watalala. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyenyongwa na serikali ya Hitler tarehe 9 Aprili 1945, alikuwa mkali kuliko wazee wangu wote juu ya neema rahisi, ile inayosamehe dhambi bila kumgusa mtenda dhambi. Namkubali. Ila angalieni kisa: wale wa saa kumi na moja waliingia shambani. Na mlevi anayejiona takataka sijawahi kumwona akiacha pombe kwa kuongezewa aibu; aibu ndiyo anayoinywea. Tatizo la uvivu wa kiroho lipo, ninakutana nalo, kwa kawaida kwa watu wanaodhani kadi yao imeshajaa.

Sasa niseme la kwangu. Katika usharika mmoja niliohudumu miaka ya nyuma, tulikuwa nyuma kwenye ahadi za ujenzi. Walutheri mnajua bahasha zetu, kila msharika na namba yake. Baraza likaona dawa ni kusoma namba ambazo hazijaletwa. Namba tu, majina hapana, tulijisifu kwa busara hiyo. Nilizisoma mwenyewe, Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa. Miezi ikapita. Siku moja mzee mmoja akaja ofisini, fundi seremala, mikono imekakamaa, shati limepigwa pasi vizuri. Hakuwa ameonekana ibadani muda mrefu. Nikamwuliza, mzee wangu, umepotelea wapi? Akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Baba mchungaji, mimi ni 214. Ulinisoma."

(Amenipa ruhusa kuandika. Namba nimeibadilisha.)

Sikuwa na la kusema. Nilimfikiria babu. Mtu ametoka Kigoma akawa namba shambani, na mjukuu wake amevaa kola akawafanya watu namba madhabahuni. Nikamwomba radhi, naye akanitoa hofu upesi mno, kwa adabu ya wazee wa huku, akasema hapana, kosa ni langu, kazi zimekuwa adimu, watu wananunua makochi ya Kichina, nikipata nitalipa yote kisha nitarudi. Nitalipa kisha nitarudi. Nikaifungua Luka 15.

Ninaomba nanyi mfungue, na msome mahali pawili tu kwa kulinganisha. Mstari wa 18 na 19, mwana mpotevu yuko kwa nguruwe anatunga maneno atakayomwambia babaye. Yana sehemu tatu: nimekosa juu ya mbingu na mbele yako; sistahili kuitwa mwana wako tena; nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Hiyo ya tatu ndiyo mpango wenyewe. Anaomba kipande. Atafanya kazi, atatiwa alama, pole pole atapunguza deni. Kisha nenda mstari wa 21, amefika, amekumbatiwa, anaanza kusoma alichotunga. Nimekosa. Sistahili. Halafu baba anasema na watumishi, leteni upesi vazi. Sehemu ya tatu haikusemwa. Baba ameikata.

Mzee akasoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Hakumwachia amalize," akasema.

"Hakumwachia."

"Alikuwa anakuja kuomba kazi."

"Ndiyo, baba."

Akanyamaza sana. Nje kulikuwa na mtu anauza samaki kwa baiskeli, anapiga kengele, na sisi wawili tukawa tunasikiliza ile kengele kana kwamba ndiyo tuliyoijia.

Tulionana mara kadhaa baada ya hapo. Sitaki mtu afikiri kwamba mistari ile michache ilitosha. Alikuwa halali usiku, alikuwa amepungua, na mara moja aliniambia kwamba angekufa familia ingepumua. Kwa neno hilo tu nilimsindikiza hospitali mimi mwenyewe, na wenzangu mnaofanya kazi hii nawasihi mfanye vivyo hivyo: mtu akitaja kufa, maombi yanaendelea, lakini daktari anaitwa. Alipewa dawa. Usingizi ulirudi kwanza, matumaini yalifuata nyuma yake.

Kuhusu matumaini, Warumi 5:5 ina kitenzi ambacho watu wa pwani wanakisikia vizuri kuliko mimi mtu wa bara kwa asili: tumaini halitahayarishi. Kutahayari ni usoni. Ni macho kushuka, ni kupita njia ya nyuma ili usikutane na mwenye duka anayekudai. Nilikuwa nikidhani kinyume cha tumaini ni kukata tamaa. Paulo analiweka jirani na uso wa mtu. Mwenye tumaini hilo anaweza kutazamwa. Sababu anayoitoa haihusu mambo kuwa mazuri, kwani mistari iliyotangulia ni ya dhiki tupu. Anasema pendo la Mungu limekwisha kumiminwa. Limekwisha. Halisubiri kisanduku cha 30.

Bahasha bado zina namba, siwezi kudanganya, mhasibu anazihitaji. Lakini hazisomwi.

Jumapili aliyorudi alikaa karibu na mlango, safu ya nyuma, upande wa wanaume. Ulipofika wakati wa sadaka, kwaya ikaanza, na kama ilivyo desturi yetu safu zikaanza kuinuka moja moja kwenda mbele. Safu yake ikainuka. Watu sita wakatoka, wakimpisha kwa kusogeza magoti. Yeye alibaki ameketi, mikono juu ya mapaja, viganja juu, na nilipomtazama kutoka madhabahuni alikuwa ananitazama.