Mmea Kustawi Si Ushahidi wa Udongo Safi
Wengi huamini kwamba mmea ukistawi, basi udongo na maji yake ni salama. Lakini mimea kadhaa hufyonza kadimiamu, metali yenye sumu, hadi kwenye majani na bado ikabaki kijani kibichi.

Mara nyingi mizizi ndiyo hutangulia kuonyesha madhara. Kwa hiyo wapimaji hutumia kitunguu maji: kitako cha kitunguu kimoja kinagusa maji yanayoshukiwa, cha kingine maji safi. Penye sumu mizizi hudumaa, pengine ncha zikapinda au kuwa kahawia. Jaribu mwenyewe kwa siku 3 hadi 5, kwa vitunguu kadhaa kila upande, maana kimoja chaweza kuwa kibovu tangu mwanzo. Sumu ni ipi, maabara ndiyo itakayojua. Na mizizi ikirefuka vizuri, tafadhali usiyanywe maji hayo kwa sababu hiyo tu: vijidudu vya kipindupindu havikidhuru kitunguu.